Chombo cha Wengi

Sisi tunaokaa kando ya Tanganyika twajua kwamba mtumbwi ni kitu cha kazi. Unavua samaki, unachukua watu na mihogo yao, unapeleka mgonjwa penye daktari. Hakuna mtu kwetu anayejenga mtumbwi ili wageni waje kuutazama. Kwa hiyo tuliposoma kwamba katika Uingereza chombo cha tanga kilijengwa kuwa kazi ya sanaa, tena kwa vipande vya mti vilivyoletwa na watu zaidi ya elfu moja, tulitaka kujua mara moja: chombo hicho chafanya kazi gani? Na wale waliotoa vipande vyao walipata nini? Maswali haya mawili hayakutuacha, na mwaka jana yalituingia hata katika darasa letu. Twataka kuyaeleza hapa polepole.

Habari yenyewe ni hii. Wasanii wawili, Gregg Whelan na Gary Winters, wanaofanya kazi pamoja kwa jina la Lone Twin, walizunguka katika miji ya kusini-mashariki ya Uingereza wakiomba watu wawaletee vitu vya mti. Hawakuomba feza. Feza ilikwisha kupatikana, kadiri ya pauni 500,000, kwa kuwa kazi hiyo ilihesabiwa katika sherehe za sanaa zilizofuatana na michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012. Waliomba kitu cha mti tu, kikubwa au kidogo, cha bei au cha bure. Sharti lilikuwa moja: mwenye kukileta aeleze habari yake, kwa nini kitu hicho kina maana kwake.

Watu wakaja. Vitu vilivyopokelewa vilifika 1,221. Katika hivyo kulikuwa na kipande cha Mary Rose, merikebu ya vita ya mfalme Henry VIII, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa tena mwaka 1982. Kulikuwa pia na kibanzi kilichosemwa kuwa cha gitaa la Jimi Hendrix, mpiga muziki ambaye jina lake lajulikana duniani kote. Lakini vitu vilivyo vingi havikuwa vya watu wakubwa. Vilikuwa vitu vya nyumbani na vya mchezo, hata penseli, vitu ambavyo mtu akifa watoto wake hawajui kama wavitunze ama wavitie motoni.

Kazi ya kujenga ilifanyika penye gati la Thornham, karibu na mji mdogo wa Emsworth. Mchoro wa chombo ulitoka kwa Simon Rogers, mtu wa kazi hiyo. Fundi mkuu alikuwa Mark Covell, mwanamaji aliyepata nishani ya feza katika mashindano ya tanga ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Vitu vya watu vilikatwa vyembamba na kupangwa ubavuni mwa chombo, kimoja kando ya kingine, mpaka viliposhikana kama ngozi moja. Tarehe 7 Mei 2012 chombo kilishushwa majini, chenye urefu wa meta 9 hivi, kikapewa jina la Collective Spirit, ni kama kusema Moyo wa Pamoja. Kisha kilisafiri na kuonyeshwa katika miji ya pwani, Brighton, Portsmouth, Hastings na Margate. Kilipelekwa hata Milton Keynes, mji ulio mbali na bahari.

Basi, tuyapime mambo haya. Pengine mtu atauliza: Hii ni sanaa kwa namna gani? Sanaa tuliyoizoea ni ya mchongaji anayechonga peke yake, na watazamaji wanaokuja baadaye kusifu ama kulaumu. Siku hizi wako wasanii wengi wanaofanya kwa njia nyingine. Wao hupanga kazi kwa namna ambayo haiwezi kumalizika bila watu wengine kuingiza mkono. Mtazamaji anaacha kuwa mtazamaji. Anakuwa mmoja wa wenye kazi. Kwetu si jambo geni kabisa. Ngoma haikuwa kamwe ya mpigaji peke yake: asipopata mtu wa kuitikia na mtu wa kucheza, anapiga ngozi tu.

Walakini katika kazi za namna hiyo kuna hatari, nasi twaiona wazi. Ni rahisi kuwaita watu, kuwapa rangi na burashi, kuwapiga picha, kisha kusema, “Tazameni, wote wameshiriki.” Ukuta uliopakwa rangi na watu mia hauanguki kwa sababu mmoja amepaka vibaya. Kwa hiyo hakuna anayejua kama ushirika ule ulikuwa wa kweli ama wa kinywa tu. Chombo ni tofauti. Maji hayajui adabu. Hayaulizi kipande hiki ni cha mfalme ama cha mjane. Yanauliza kama kimefungwa vizuri. Penye ufa, yataingia. Ndiyo sababu twaona kwamba wasanii wale walichagua vema. Walijifunga wenyewe kwa kitu kisichoweza kusema uongo: kazi yao ingeelea ama ingezama mbele ya macho ya wote waliotoa.

Tena kuna jambo la pili, nalo ni zito kuliko lile la kwanza. Mtu aliyeleta kitu chake alikubali kikatwe. Fikirini jambo hili. Mtu anashika mkononi kitu cha mti kilichokuwa cha marehemu baba yake. Amekitunza miaka mingi. Sasa anampa mtu asiyemjua, naye anajua kwamba kitapitishwa msumenoni, kitapigwa randa, kitapakwa dawa ya kuzuia maji, na hakitarudi tena nyumbani jinsi kilivyokuwa. Kama angekiacha sandukuni, angekuwa nacho kizima, lakini peke yake, na siku ya kufa kwake habari yake ingekwisha. Kwa kukikubali kikatwe, amekipoteza nusu na kukiokoa nusu: umbo limekwenda, habari imebaki, na sasa inapita baharini pamoja na habari za wengine 1,220. Wahenga walisema kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Twaona ya kwamba katika kazi hii watu walitoa kweli, maana waliona uchungu wa kisu.

Kabla ya kurudi kwetu, tupite Lamu, katika pwani ya Kenya, maana huko nako kuna chombo cha wengi, nacho kitatusaidia kupima. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na fundi Ali Skanda, walishusha majini jahazi la meta 9 hivi lililojengwa kwa plastiki. Taka za plastiki ziliokotwa pwani na mitaani, zikayeyushwa na kufanywa mbao, mkuku na mataruma. Kisha chombo chote kilivikwa vipande vya ndara kuukuu za rangi nyingi, zipatazo 30,000, ambazo watu wa pwani waliziokota katika mchanga. Ndiyo sababu kinaitwa Flipflopi. Mwanzoni mwa mwaka 2019 kilisafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar, safari ya kilometa 500 hivi, kikiwaonyesha watu njiani kwamba kitu wanachokitumia mara moja na kukitupa chaweza kuishi miaka mingi. Mwaka 2021 kilisafiri hata katika Ziwa Viktoria.

Vyombo viwili, urefu karibu sawa, lakini mizigo yao ni mbali. Katika Emsworth waliomba kile ambacho mtu hataki kukiacha. Katika Lamu waliokota kile ambacho kila mtu amekwisha kukiacha. Huko Emsworth mtu alipoteza kitu chake, hapa hakuna aliyepoteza kitu. Ila kila mtu aliyeona ndara yenye rangi kama ya kwake alijua kwamba yeye pia yumo katika chombo, atake asitake. Vyote viwili ni ushirika. Lakini sisi, baada ya kuvitazama vyote viwili, tulibaki na swali moja: je, watu maskini waweza kuombwa kile cha kwanza?

Swali hili halikuwa la kitabuni. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipanda kupita kiasi, yakaingia katika nyumba za watu wa pwani hapa Kalemie. Nyumba zilianguka, mitumbwi mingi ilivunjika. Katika mtaa wetu wavuvi kumi na wawili walikubaliana kujenga mtumbwi mmoja wa mbao, ulio mkubwa, kwa kuwa hakuna mmoja wao aliyeweza kupata wake peke yake. Mmoja alileta mbao mbili, mwingine misumari, mwingine pamba na mafuta ya kukalafati, na wasiokuwa na kitu walileta mikono. Kidole kimoja hakivunji chawa. Maneno haya kwetu si mapambo ya hotuba.

Wakati huo sisi tulikuwa na vijana thelathini na wawili katika mafundisho. Tuliwasimulia habari ya Emsworth, tukawaambia: “Juma lijalo kila mmoja alete kitu cha mti kutoka nyumbani kwao, pamoja na habari yake. Anayetaka kukitoa kwa mtumbwi wa mtaa, atakitoa. Asiyetaka, atasimulia tu.” Tulinunua daftari, tukaandika kila kitu na jina la mwenye nacho.

Wakaleta. Mmoja alileta kipande cha mlango wa mninga, ule mti ambao Katanga huitwa mulombwa; nyumba yao ilianguka katika maji, na mlango ndio peke yake ulioelea. Mwingine alileta kasia lililovunjika, la kaka yake ambaye ziwa halikumrudisha. Mwingine rula ya shule ya baba yake, yenye jina lililochorwa kwa wembe. Mwingine kigoda cha mguu mmoja, akasema miguu mingine miwili imeliwa na mchwa, nasi tulicheka wote pamoja naye. Habari zilikuwa fupi, lakini darasa lilikuwa kimya kuliko siku zote.

Kisha alisimama msichana mmoja wa miaka kumi na mitano hivi, akiwa ameshika mchi mrefu, mweupe kwa kutumika. Akasema: “Mwalimu, huu ni mchi wa bibi yangu. Mama yake alimpa siku ya kuolewa. Maji yalipoingia usiku, bibi aliacha vyote, akachukua mchi na mtoto mdogo.” Tulimwuliza kama autoa kwa mtumbwi. Akatazama chini, kisha akatutazama tena, akasema: “Hapana, Mwalimu. Mukiukata huu, bibi atatwanga sombe na nini?”

Ndugu wasomaji, hatukuona jibu katika mambo yote tuliyojifunza seminari. Kijiko cha mzee wa Uingereza aliyekitoa, nyumbani kwake kuna vijiko vingine. Kitu chake ni kumbukumbu tu. Kazi yake imekwisha. Mchi huu ni kumbukumbu na tena ni chakula cha jioni. Kuukata ni kukata vyote viwili. Yule msichana alitueleza kwa maneno machache mpaka wa sanaa hii: anayewaita watu watoe, kwanza ajue kama kitu kile bado kinafanya kazi nyumbani. Tena tuliona kwamba yeye aliyekataa alishiriki kuliko wengi waliotoa. Alikifikiri kitu chake, akakipima, akatamka neno lake mbele ya watu. Ushirika usio na ruhusa ya kusema hapana si ushirika, ni kodi.

Tulipeleka vitu vilivyotolewa kwa fundi wa mtumbwi, mzee ambaye amejenga vyombo tangu ujana wake. Aliviangalia kimoja kimoja, akavigonga kwa kidole, akavitenga. “Mwalimu,” akasema, “habari ni nzuri, lakini mti wa zamani siuweki chini ya maji. Ukioza, watu kumi na wawili watakunywa ziwa.” Mlango wa mninga aliukubali; alipata humo viti viwili vya wavuvi. Kasia lililovunjika alilikata, akafanya vigingi vya kushikia kamba. Rula aliifunga kwa misumari midogo ndani ya omo, mahali pasipofika maji, na jina bado lasomeka. Kigoda alikirudisha. Hatukuona ubaya. Hata kule Emsworth walikuwako mchoraji na fundi, na chombo hakikukatwa kwa kura. Kila mtu aweza kutoa mti, lakini msumeno uwe mkononi mwa mtu anayeogopa maji.

Tuseme neno juu ya daftari pia. Wasanii wa Emsworth walitunza habari ya kila kipande na jina la aliyekitoa, na habari zile zilitolewa katika kitabu. Jambo hili laweza kuonekana dogo. Kwetu si dogo. Katika jumba la Tervuren, karibu na Brussels, ziko sanamu nyingi za Watabwa na za Waluba, zilizotoka katika nchi hii yetu. Watu huja kuzitazama, nao wana haki ya kuzistaajabia. Lakini mara nyingi sana jina la aliyechonga halikuandikwa, wala jina la yule ambaye nyumbani mwake ilitolewa. Mti umetunzwa vizuri sana, mwenyewe amepotea. Ndiyo sababu twasema kwamba kazi ya wengi bila daftari ni nusu ya kazi. Asiyeandikwa leo, kesho ataitwa “wenyeji”.

Na jambo hili laeleza pia jambo jingine tunaloliona ufukoni. Wako watu wema wanaoleta mitumbwi mipya kwa wavuvi, imepakwa rangi, ina chapa ya aliyeitoa. Mara nyingine, baada ya miaka miwili, mtumbwi ule umelala mchangani, maji ya mvua yamo ndani, watoto wanaogelea humo. Si kwa uvivu tu. Hakuna hata kipande kimoja ndani yake ambacho mtu wa mtaa aweza kukigusa na kusema, “Hiki ni changu.” Penye kipande cha mtu, ndipo penye jicho lake. Mtumbwi wa wale wavuvi kumi na wawili, usiku wa upepo, watu huamka wenyewe kwenda kuutazama, hata wasio wavuvi, maana mlango wao uko ndani.

Basi, maswali yetu mawili ya kwanza twaweza kuyajibu sasa kadiri ya uwezo wetu. Chombo cha Emsworth kinafanya kazi gani? Kinachukua habari za watu wasiojuana, kuzifunga pamoja, na kuzipeleka mbele ya maji, ambayo hayamwonei mtu haya. Na waliotoa walipata nini? Walipata jicho la kukitazama chombo kama chao. Hii ndiyo mali ya sanaa ya namna hii, wala haipatikani kwa kununua.

Siku ya kushusha mtumbwi wetu, mtaa mzima ulikuwa ufukoni. Chombo kilikuwa kizito, na magogo ya kukiviringishia yalikuwa manane tu. Palihitajika la tisa. Yule msichana alipita katikati ya watu na mchi wa bibi yake, akaulaza mchangani mbele ya omo, bibi mwenyewe akisimama nyuma yake. Fundi alimtazama mwanamke yule mzee, naye akaitika kwa kichwa. Watu wakasukuma. Mtumbwi ukapita juu ya magogo na juu ya mchi, ukaingia majini, ukatikisika, ukatulia. Msichana aliuokota mchi, akauosha ziwani, akauangalia pande zote. Haukupasuka. Jioni tulipopita karibu na nyumba yao, tulisikia sombe ikitwangwa.

Katika daftari, namba 32, tumeandika jina lake na jina la bibi yake, na baada yake maneno haya: mchi, umeazimwa siku moja, umerudishwa.